Kisu Kisichopata Kinakula Faida Yako: Visu vya Shambani, Kazi Zake na Namna ya Kuvinoa

Tukizungumzia mtaji wa shamba, wengi tunataja mbegu, mbolea, dawa na pampu ya maji. Kisu hakuna anayekitaja. Kipo tu, kimechomekwa kwenye paa la banda. Asubuhi kinakata majani ya ng'ombe, mchana kinapogoa nyanya, jioni kinamenya viazi. Somo la leo ni kuhusu hicho kisu, maana kiukweli kinaweza kukutia hasara kubwa kuliko bei yake mara nyingi.

Msimu uliopita nilipita kwenye kitalu cha kijana mmoja aliyebebesha miche ya parachichi. Zaidi ya nusu ilikuwa imekauka pale pale kwenye maungio. Yeye alijua tatizo ni vikonyo, na tayari alikuwa amegombana na aliyemuuzia. Nikamwomba kisu chake, nikakata kijiti kibichi. Sehemu iliyokatwa ikatoka nyuzi nyuzi kama mswaki wa mti. Hapo hatukuhitaji maabara.

Kwa nini makali ni suala la pesa

Kila unapokata mmea unauachia kidonda. Kisu kinachopata kinaacha kidonda laini, kidogo, kinachokauka na kufunga haraka. Kisu butu hakikati, kinaponda na kuchana. Sehemu iliyopondwa inabaki na unyevu na nyama iliyokufa, na hapo ndipo ukungu na bakteria wanapoanzia.

Kwenye kubebesha ni mbaya zaidi. Kikonyo na mche wa chini vinaungana kupitia utando mwembamba wa kijani ulio chini ya gome. Tando hizo mbili lazima zigusane bila nafasi katikati. Ukikata kwa kisu butu uso unakuwa na mawimbi, hewa inakaa ndani, kikonyo kinakauka kabla ya kuungana. Unafunga nailoni vizuri, unamwagilia, unasubiri wiki kadhaa, kumbe ulishapoteza siku ile ile ya kwanza.

Kila kazi na kisu chake

Huhitaji kununua vyote. Angalia unalima nini, kisha chagua.

1. Panga. Ni la kufyeka, kukata migomba, miwa na matawi ya kawaida. Sio la kupogoa miti ya matunda. Ukipiga tawi kwa panga, gome linachanika kwenda chini na mti unabaki na jeraha kubwa. Tawi nene litumie msumeno wa kupogolea.

2. Kisu cha kubebesha. Kifupi, kimenyooka, na kwa kawaida kimenolewa upande mmoja tu; upande wa pili ni bapa kabisa. Ubapa huo ndio unaokupa uso ulionyooka. Kisu hiki kisikate kamba, kisifungue mfuko wa mbolea, kisimenye chungwa.

3. Mkasi wa kupogolea. Ni kwa matawi madogo, na kwa kuvuna parachichi na maembe ukiacha kikonyo kifupi kwenye tunda. Tunda lililonyofolewa linaacha tundu, na uozo unaanzia hapo likiwa njiani kwenda sokoni. Unapopogoa, ule upande wenye makali ukae karibu na sehemu ya tawi inayobaki, ili ule mdomo mnene ubane kipande kinachoondoka.

4. Kisu cha mavuno. Chembamba na chepesi, kwa kabichi, brokoli na mboga za majani. Kata kwa mkato mmoja. Kabichi iliyokatwa kwa kusagwasagwa inageuka nyeusi kwenye shina mapema, na mnunuzi anaangalia hapo hapo.

5. Mundu. Ni kwa mpunga, ngano na majani. Upo wa makali laini na upo wa meno. Ule wa meno usiusugue kwenye kinoo upande wenye mifereji, utafuta meno. Pitisha kidogo upande ulio laini tu.

6. Kisu cha kuchunia. Wafugaji, hiki ni chenu. Kimepinda na ncha yake ni ya mviringo ili isitoboe ngozi. Ngozi yenye matundu na mikwaruzo ya kisu inashushwa daraja, na bei inashuka nayo. Kwa mbuzi na kondoo, tumia kisu kufungulia tu, kisha sukuma ngozi kwa ngumi. Kisu cha kuchinjia kiwe kingine: kirefu, kikali, kisicho na pengo hata moja.

Jinsi ya kunoa

Vifaa ni viwili. Tupa bapa kwa panga, fyekeo na jembe. Kinoo chenye pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mmoja laini, kwa visu na mikasi. Kinoo ulichozoesha maji kiendelee na maji. Ulichozoesha mafuta kiendelee na mafuta.

*Hatua ya 1: Osha kwanza.* Utomvu na udongo vinaziba kinoo. Kutu isugue kwa msasa.

*Hatua ya 2: Pata pembe.* Simamisha kisu wima juu ya kinoo, hapo ni nyuzi 90. Kilaze nusu yake, ni 45. Kilaze tena nusu, ni kama 22. Kisu cha mavuno kinakaa hapo au chini kidogo. Panga linakutana na miti na vijiwe, kwa hiyo linataka pembe pana zaidi, nyuzi 25 hadi 30 kila upande. Ukilifanya jembamba kama kisu cha jikoni, makali yatajikunja siku hiyo hiyo.

*Hatua ya 3: Sugua bila kubadilisha pembe.* Anza na upande wa kukwaruza. Vuta au sukuma kutoka shinani hadi nchani, mikono imetulia. Wengi wanakosea hapa: wanaenda haraka, kisu kinachezacheza, makali yanakuwa ya duara. Haraka haina faida.

*Hatua ya 4: Tafuta kikwaruzo.* Pitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongo wa kisu kuelekea nje ya makali, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali. Upande wa pili wa ule uliokuwa unasugua utahisi kijiukuta chembamba cha chuma kinakwaruza. Kikitokea kwa urefu wote, ujue umefika kwenye makali yenyewe. Geuza, fanya upande mwingine.

*Hatua ya 5: Malizia kwa upande laini.* Pitisha mara chache kila upande bila kukandamiza, kisha vuta kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi ili kuondoa kile kijiukuta.

Kisu cha kubebesha kina utaratibu wake. Noa upande wenye mteremko tu. Ule upande bapa ulaze wote juu ya kinoo laini na upitishe mara moja au mbili kuondoa kikwaruzo. Ukiunyanyua hata kidogo, umeharibu ubapa.

Kwa panga, libane kwenye kigogo au chini ya mguu wa benchi, makali yakiangalia nje. Tupa inakata inaposukumwa mbele tu. Sukuma, nyanyua, rudisha. Ukiikokota kurudi nyuma unaua meno ya tupa yako mwenyewe.

Vipi fundi wa kunoa wa baiskeli au mashine ya umeme? Kwa panga lililomomonyoka sana, sawa. Ila angalia joto. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu pale kwenye makali, ugumu wake umeondoka, na kitakuwa butu kila siku hata unoe vipi. Kichovywe kwenye maji mara kwa mara. Kisu cha kubebesha usipeleke huko.

Unajuaje kimekubali? Kata kijiti kibichi kwa mkato mmoja. Uso ukitoka laini unang'aa, bila nyuzi, kisu kinapata.

Kisu kikali lakini kichafu

Hapa naomba utulie, maana unaweza kunoa vizuri kabisa halafu ukaua shamba zima kwa kisu hicho hicho.

Chukua mnyauko bakteria wa migomba, ambao wengi tunauita unyanjano. Uganda uligundulika mwaka 2001, na kwetu Tanzania mwaka 2006 mkoani Kagera. Majani yananyauka na kuwa njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinakuwa na rangi ya kahawia, ukikata shina unatoka usaha wa njano. Hakuna dawa ya kuutibu. Na moja ya njia zake kubwa za kusambaa ni panga: unapunguza majani kwenye mgomba mgonjwa, unahamia mzima, umeshaupanda ugonjwa.

Miwa nayo ina ugonjwa wa kudumaza machipukizi. Bakteria wake wanakaa kwenye maji ya muwa na wanasafiri kwa mapanga ya wakataji. Ubaya wake hauonyeshi dalili ya wazi, unaona tu mavuno yanashuka kila mnapokata marudio. Kwenye nyanya, virusi vya batobato vinahama kwa mikono na visu wakati wa kupogoa.

Fanya hivi:

- Ondoa utomvu na udongo kwanza. Dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu.
- Chovya kwenye mchanganyiko wa sehemu 1 ya Jik, ile ya kufulia nguo nyeupe, na sehemu 5 za maji. Tengeneza mpya kila siku, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote.
- Au choma bapa la panga kwenye moto mpaka lisishikike kwa mkono. Usilifikishe kuwa jekundu, utaliharibu.
- Visu vya kubebesha na mikasi vifute kwa spiriti, kila unapohama mti.
- Anza na mimea mizima, malizia na yenye mashaka.
- Ua dume la mgomba likate kwa mti wenye panda mwishoni, sio kwa kisu.

Jik inakula chuma. Jioni suuza kwa maji, kausha, paka mafuta kidogo. Mafuta ya kupikia yanatosha kama huna mengine.

Ukiajiri vibarua, usiwaruhusu waje na mapanga ya shamba jingine wakaanza kazi moja kwa moja. Weka ndoo ya dawa mlangoni. Wengine watakuona unajivuna, lakini shamba ni lako na deni la benki ni lako.

Usalama

Watu wanaogopa kisu kikali, lakini kisu butu nacho ni hatari. Unakandamiza kwa nguvu, kinateleza, kinatua mkononi. Kata kuelekea nje ya mwili. Mpini unaocheza utengenezwe kabla ya kazi. Kisu kisiachwe kwenye nyasi. Funga kitambaa chekundu kwenye mpini na kipe ala, hata ya kipande cha mpira wa tairi. Ukijikata, osha kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda zahanati ukaulizie chanjo ya pepopunda. Udongo wa samadi sio wa kufanyia mchezo.

Kazi ya wiki hii

Kusanya visu vyote vya shamba, vipange chini. Kila kimoja kijaribu kwenye kijiti kibichi. Visivyopata vinoe, vilivyokufa viondoe, na kila kinachobaki kipe kazi yake moja na mahali pake pa kuning'inia. Kabla ya kuwalaumu wauza vikonyo au wauza mbegu, anza na kisu chako.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mimi naongezea: na kiwe safi. Tukutane somo lijalo, kazi njema.