KUTAFUTA KILICHO MBELE YA MACHO

Masomo: Luka 15:8–10, Yohana 20:11–16

Mara nyingi funguo hutafutwa nyumba nzima, kumbe ziko mezani. Na kabla hazijaonekana, mtoto wa jirani au msichana wa kazi amekwisha kuitwa mwizi. Kwa hiyo jambo hili si dogo. Kwa nini hutokea?

Kwanza, jicho huona sawasawa mahali padogo tu kwa wakati mmoja, yapata upana wa kidole gumba ukiunyoosha mkono. Pengine pote huonekana kwa ukungu.

Pili, akili hufuata picha iliyo nayo. Ukitafuta kitabu cha nyimbo chenye jalada jekundu, nacho kimevikwa gazeti, utakipita.

Tatu, akili ikishughulika na jambo moja huacha mengine. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Simons na Chabris, walieleza jaribio lao. Watu walitazama filamu huku wakihesabu mpira uliporushwa kutoka mchezaji hata mchezaji. Katikati akapita mtu aliyevaa kama gorila. Karibu nusu yao hawakumwona! Katika jaribio jingine la mwaka 2013, madaktari 24 wanaosoma picha za mapafu walitafuta uvimbe katika picha zilizotiwa umbo la gorila, 20 hawakuliona.

Mariamu Magdalene alikuwa akitafuta maiti. Bwana aliye hai aliposimama mbele yake, alimdhania mtunza bustani, hata alipoitwa kwa jina lake.

Basi tufanyeje? Tumwige yule mwanamke aliyepoteza shilingi moja katika kumi. Aliwasha taa, akafagia, akatafuta kwa bidii. Nasi tuanze pembe moja ya chumba, tuinue kila kitu kwa mkono, kisha tumwombe mwingine atazame, maana picha ya akilini mwake si yetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tena angalieni: mwanamke yule aliwaita majirani ili wafurahi pamoja naye, si ili awapekue.

Ikiwa umemshuku mtu bure, nenda ukapatane naye kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kitu kikipotea nyumbani mwetu, nani hushukiwa kwanza? Kwa nini yeye?
2. Kilipoonekana, je, tulimwomba radhi?