Somo la Mwezi: Deni Linapomshinda Mtu



Wahenga walisema kwamba kukopa ni harusi, na kulipa ni matanga. Siku ya kukopa mtu hupokewa kwa maneno mazuri; siku ya kulipa hupita njia ya nyuma, asije akaonana na mdai wake. Lakini somo letu la mwezi huu si juu ya kila deni. Mtu akopaye mbegu mwezi wa Desemba na kuzilipa mwezi wa Julai hana lawama. Twasema juu ya deni lililomshinda mtu: akopa kwa huyu ili amlipe yule, jumla yazidi ingawa analipa, na usingizi umemtoka.

Mtu wa namna hiyo afanyeje? Neno letu ni moja, nalo ni hili: ayadhihirishe madeni yake yote, awakutanishe wadai wake wote, afanye nao mapatano ya maandishi kwa kiasi awezacho kweli kulipa. Kukimbia hakumalizi deni, na kukopa tena hulizidisha.

I. Jinsi deni linavyomshinda mtu

Huku Munisagara, na katika vijiji vingi vya Kilosa, fedha huja kwa majira, bali haja haziji kwa majira. Ugonjwa hauulizi kama mahindi yamekomaa. Sare za shule za watoto zatakiwa mwezi wa Januari, wakati ghala ni tupu. Tena Mto Mkondoa ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, hata reli ya kati ikakatika na watu wengi wa Kilosa wakakosa makao, mkulima hupoteza kwa usiku mmoja kile alichokitazamia kuwa malipo.

Ndipo wengi huuza mazao yao yangali shambani. Mtu hupokea fedha kidogo mwezi wa Februari, naye huahidi gunia zima mwezi wa Julai. Jambo hili si la kwetu tu. Kagera huitwa butura, kahawa ikiuzwa ingali mtini. Popote lifanyikapo, mwisho wake ni mmoja: mkulima avuna, lakini mavuno si yake, na mwaka unaofuata aanza tena kwa kukopa.

Wengine hukimbilia mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Hebu tufanye hesabu. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya 30 kwa mia kila mwezi, naye kila mwezi ukiisha hana cha kulipa, na riba huongezwa juu ya deni. Baada ya miezi sita atadaiwa zaidi ya shilingi 482,000. Kama angalikopa kwa riba ya 3.5 kwa mia kwa mwezi, deni lisingalifika shilingi 123,000 hata kama hangalilipa kitu. Kiasi hicho cha 3.5 kwa mia ndicho Benki Kuu ya Tanzania ilichokiweka kuwa mpaka kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Basi mtu atambue kwamba si kila hesabu aletewayo na mkopeshaji ni hesabu ya haki.

Siku hizi mkopo huingia hata kwa simu. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa simu huwapelekea jamaa na rafiki za mdaiwa habari za deni lake, ili aone haya. Na aibu hii ndiyo inayowafanya wengi, hasa akina mama waliokopa bila waume zao kujua, kunyamaza na kukopa mahali pengine.

II. Mjane na mafuta yake

Someni 2 Wafalme 4:1-7. Mume amekufa, ameacha deni, na mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Tuyaangalie mambo manne.

Kwanza, mjane huyu alisema. Hakumficha Elisha kitu, wala hakungoja mpaka watoto wamekwisha kuchukuliwa. Pili, aliulizwa ana nini nyumbani. Aliyedhani hana kitu alikuwa na chupa ya mafuta. Tatu, aliambiwa ayauze mafuta na kulipa deni. Muujiza haukulifuta deni. Ulimpa njia ya kulilipa. Nne, aliambiwa kwamba yeye na wanawe wataishi kwa yale yatakayosalia. Mwenyezi Mungu hakutaka deni lilipwe na watoto wafe njaa. Hapo twapata kipimo cha mapatano yoyote ya haki: mdai apate chake, na nyumba ya mdaiwa iishi.

III. Namna ya kufanya mpango

Mdaiwa na atwae daftari, aketi pamoja na mwenzi wake, na kuandika kila deni: la nani, fedha iliyokopwa hasa, riba iliyoongezwa, na tarehe. Asiache hata moja, kwa maana deni lililofichwa ndilo litakalouvunja mpango wote. Kisha aandike anachopata kwa mwaka, aondoe chakula, mbegu, dawa na shule. Kinachobaki ndicho awezacho kuahidi. Asiahidi zaidi ili kumpendeza mdai. Ahadi isiyotimizwa huharibu kuliko kiasi kidogo kisichokoma.

Tuseme mkulima mmoja anadaiwa shilingi 72,000 dukani, 168,000 katika kikundi chake cha VICOBA, 384,000 kwa mkopeshaji wa mjini, na 96,000 kwa jirani. Jumla ni 720,000. Kila mavuno aweza kutoa 240,000, na kwa vibarua aweza kuweka 10,000 kila mwezi. Hapo 240,000 ni theluthi ya jumla. Basi kila mdai apewe theluthi ya deni lake: duka 24,000, kikundi 56,000, mkopeshaji 128,000, jirani 32,000. Baada ya mavuno mawili theluthi mbili zimelipwa. Theluthi iliyobaki, yaani 240,000, yaishia katika zile 10,000 za kila mwezi kwa miezi 24, zikigawanywa kwa kiasi kile kile. Miaka miwili, na mtu amekuwa huru.

Lakini mpango huu una masharti mawili. La kwanza, wadai wakubali kwamba riba haitaongezwa tena maadamu mdaiwa analipa kama alivyoahidi. La pili, mdaiwa asikope popote kabla ya kumaliza. Tena wote wagawiwe kwa haki. Asilipwe yule mwenye sauti kubwa tu, na jirani mpole akaachwa.

Mapatano yaandikwe. Karatasi itaje majina, jumla ya deni, kiasi na tarehe ya kila fungu, na kwamba riba imesimama. Pande zote zitie sahihi mbele ya mashahidi. Yafaa mtendaji wa kijiji awepo. Kila fungu likilipwa, stakabadhi itolewe. Neno la mdomo hupotea, karatasi hubaki.

IV. Mdai asipokubali

Wako wadai wasiotaka mapatano. Hapo mdaiwa asifikiri kwamba njia zimekwisha.

Awatafute wasaidizi wa kisheria, waliowekwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ili kuwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Na akishitakiwa, asikimbie wito wa mahakama. Wengi huogopa jengo la mahakama kuliko deni lenyewe, nao wasipofika hukumu hutolewa bila wao kusikiwa. Mahakama ina uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa mafungu. Basi mdaiwa apeleke daftari lake, aonyeshe anachopata na alichokwisha kulipa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai hairuhusu nguo za lazima za mdaiwa, vyombo vyake vya kupikia, matandiko na zana za kazi yake zikamatwe. Ni kweli kwamba sheria hiyo yajua kifungo cha madai. Lakini mahakama hutazama kama mtu ameshindwa kwa umaskini, au anakataa kwa hila hali anacho.

Mlango wa mwisho ni kufilisika kwa sheria. Sheria ya Kufilisika ni ya tangu mwaka 1930, nayo shauri lake ni la Mahakama Kuu. Mahakama ikitoa amri ya kuyaweka mali ya mdaiwa chini ya mpokezi, mdai mmoja mmoja hawezi tena kumshitaki bila ruhusa. Ndani ya sheria hiyo mdaiwa aweza kuleta mapendekezo ya malipo, na wadai walio wengi, wenye robo tatu ya thamani ya madeni, wakikubali, na Mahakama ikithibitisha, huwafunga hata wale waliokataa. Kazi za ufilisi zimo mikononi mwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, uliozinduliwa rasmi mwaka 2006. Mlango huu una gharama, na wamfaa mfanyabiashara mwenye wadai wengi kuliko mkulima wa shilingi laki saba. Lakini ni vema ijulikane kwamba sheria yenyewe yakiri kuwa mtu aweza kushindwa, nayo imemwekea utaratibu, wala si fedheha tu.

V. Neno kwa wadai na kwa usharika

Katika Nehemia sura ya 5 watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Nehemia aliitisha mkutano mkubwa, akawakemea waliotoza riba ndugu zao, nao wakaahidi kurudisha, wakaapa mbele ya makuhani. Angalieni kwamba hakuwaambia wadaiwa peke yao watubu. Na katika Kumbukumbu la Torati 24:6 yakatazwa kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ni kuuchukua uhai wa mtu. Amchukuliaye mkulima jembe lake, au fundi cherehani yake, amejinyima yeye mwenyewe malipo, kwa maana mdaiwa atalipaje bila kazi?

Kwa hiyo mdai Mkristo asione haya kupokea kidogo kidogo. Nao wazee wa usharika, mtu akiwafikia na daftari lake, wamsikilize faraghani, waifunge midomo yao, na wawe tayari kuwa mashahidi wa mapatano. Bali mtu asimdhamini mwenzake kwa kumwonea huruma tu, hali hana cha kulipia. Mithali 6:1-5 yatuonya. Mdhamini asiye na kitu huongeza nyumba ya pili ndani ya shimo lile lile.

Wapenzi, deni ni la mtu mmoja katika karatasi, lakini kwa kweli hulipwa na nyumba nzima: na mtoto aliyeacha shule, na mke aliyebaki baada ya mume kutoroka usiku, na wanakikundi waliolipa fungu la aliyekimbia. Basi aliye katika shida hii asingoje mavuno mengine. Leo aandike daftari lake.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini mjane wa 2 Wafalme 4 aliulizwa ana nini nyumbani kabla ya kusaidiwa?
2. Kuna tofauti gani kati ya kumlipa mdai mwenye sauti kubwa na kuwagawia wadai wote kwa kiasi?
3. Mapatano ya kulipa deni yapaswa kuandikwa mambo gani?
4. Mtu aliyeitwa mahakamani kwa ajili ya deni aende na vitu gani mkononi?
5. Katika kijiji chetu, tufanyeje ili mkulima asilazimike kuuza mahindi yangali shambani?