Somo: Tusome Barua Nzima, Sura Moja Kila Siku

Tusome: Yeremia 28 na 29, Zaburi 137, Kutoka 16:13-21

Tunawakumbuka ninyi mlio hapa Carama na katika mitaa mingine ya Bujumbura, nanyi mlio katika kambi za Bwagiriza, Kavumu na Musasa. Tunawakumbuka pia wale waliovuka mto Rusizi mwaka 2025 na nguo za mwilini tu. Katika somo hili tunataka kushuhudia yale tuliyojifunza tangu jamaa yetu ilipoanza kusoma Biblia siku kwa siku. Si kwamba sisi ni hodari. Tulianza kwa kuchelewa, na mara nyingi tuliacha.

1. Mstari uliokuwa ukutani

Kwa miaka mingi tulisoma Biblia kwa kuifungua popote. Shida ikija, mmoja wetu alifumba macho, akafungua, akaweka kidole. Mstari ukiwa mzuri tulisema Bwana amesema nasi. Ukiwa ni orodha ya majina ya mababu, tulifungua tena.

Ukutani tulikuwa tumeandika Yeremia 29:11, pale Mungu anapowaambia watu wake kwamba anawapangia mema wala si mabaya. Sisi tuliuelewa hivi: karibuni tutaondoka. Tulikuwa tumekwisha kuitwa kwa mahojiano ya kwenda nchi ya tatu, tukaona mambo yamekwisha. Hatukununua kitanda. Hatukupanda hata lengalenga nyuma ya nyumba. Shule zilipofunguliwa hatukumwandikisha mtoto wetu wa pili, tukisema atasomea huko tuendako. Mwaka ule ukapita, nasi tupo hapa hapa. Kosa hilo lilikuwa letu wenyewe.

2. Tulipofika sura ya 29

Baadaye tulianza kusoma kitabu cha Yeremia tangu mwanzo, sura moja kila jioni. Kina sura 52, na kusema kweli tulichoka njiani. Lakini tulipofika sura ya 28 tulikutana na mtu aitwaye Hanania. Yeye aliwaambia watu hekaluni kwamba katika miaka miwili tu wafungwa wote watarudi kutoka Babeli. Yeremia mwenyewe aliitikia Amina, maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini neno lile halikutoka kwa Mungu.

Tulicheka kidogo, kwa maana akina Hanania tunawafahamu. Kila mwezi yuko mtu anayekuja na habari kwamba majina yametoka, kwamba ndege iko tayari. Tunaamini upesi, kwa sababu ndilo tunalotaka kusikia.

Kesho yake tukasoma sura ya 29. Kumbe mstari wetu wa ukutani ulikuwa katikati ya barua! Yeremia aliiandika kutoka Yerusalemu kwa watu waliohamishwa kwenda Babeli. Na kabla ya mstari wa 11 barua inasema nini? Inawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha watoto wao. Inawaambia wautakie amani mji ule waliopelekwa na kuuombea kwa Bwana, maana mji ukiwa na amani, wao nao watakuwa na amani. Kisha mstari wa 10 unataja muda: miaka 70.

Nyumba yote ilinyamaza. Mtu mzima aliyeisikia barua ile hakuweza kutazamia kurudi yeye mwenyewe. Basi yale mema ya Mungu hayakungoja safari. Yalianza pale pale Babeli, katika nyumba, katika bustani, katika watoto.

Mtoto wetu akauliza, "Baba, na mimi nitarudi shule?" Juma lile lile tulikwenda kumwandikisha.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kutafuta njia ya kusafiri ni dhambi. Wako ndugu zetu waliosafiri, na tunawaombea. Tunasema hivi tu: faili ingoje ofisini, lakini mtoto asingoje nyumbani.

3. Kurasa tusizozipenda

Anayechagua mistari mwenyewe huchagua ile inayokubaliana na moyo wake. Anayesoma kwa kufuata huletewa hata asiyoyataka. Ndivyo ilivyokuwa tulipofika Zaburi 137. Mwanzo wake tunaupenda wote, wale watu waliokaa kando ya mito ya Babeli wakilia. Lakini mwisho wake ni mkali sana. Mwenye kuomba anataka watoto wachanga wa adui zake wauawe.

Jioni ile tulikuwa pamoja na majirani, na kati yetu walikuwapo waliopoteza watu wao Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, walipouawa wakimbizi zaidi ya 150. Aliyekuwa akisoma alitaka kuishia mstari wa 6. Mama mmoja akamwambia, "Soma yote." Alisoma yote. Hakuna aliyehubiri. Tuliona jambo moja tu: mtu huyu mwenye uchungu alimwambia Mungu hasira yake, naye akaiacha huko. Hatukupata jibu la kila swali, lakini tulipata mahali pa kupeleka neno ambalo wengine walikuwa wamelificha kwa miaka.

4. Chakula cha siku moja

Katika Kutoka 16 Waisraeli waliokota mana kila asubuhi, kila mtu kadiri ya chakula chake. Waliobakiza mpaka asubuhi bila kuagizwa waliona imeingia mabuu na kunuka. Sisi wa Carama tunaelewa jambo hili. Wengi wetu hununua unga wa siku moja, makala ya siku moja, na ndagala kidogo. Hakuna anayesema, "Kwa kuwa siwezi kununua gunia, leo watoto wasile." Basi, kwa nini tuseme, "Kwa kuwa siwezi kusoma sana, leo nisisome"?

5. Namna ya kuanza

Biblia ina sura 1,189. Kwa sura moja kila siku utaimaliza katika miaka mitatu na miezi mitatu hivi. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura tano kila juma, mwaka mmoja unatosha. Mithali ina sura 31, inafaa kuanza nayo mwezi wenye siku 31.

Biblia moja inatosha nyumba nzima. Asiyejua kusoma asikilize, kisha aeleze alichosikia. Mara nyingi yeye ndiye anayekumbuka zaidi. Someni kabla taa haijazimwa na watoto hawajasinzia. Mkikosa siku tatu, msikimbie kuzilipa. Endeleeni pale mlipoishia.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni mstari gani tunaoupenda sana? Je, tumesoma sura yake yote?
2. Ni jambo gani tumeliahirisha hapa kwa sababu tunangoja kuondoka?
3. Tunauombea mji huu wa Bujumbura na majirani zetu Warundi, au tunajiombea sisi tu?

Tuombe: Bwana, utupe leo neno la leo, hata lile tusilolitaka. Utusaidie kukaa vizuri mahali ulipotuweka, mpaka siku utakayotuhamisha. Amina.

Mungu awabariki.