Je, Mashine Yaweza Kumfundisha Kijana Kukata Shauri?

Ametuletea suali mzee mmoja katika wasomaji wetu. Mwanawe asomea utabibu katika chuo kikuu, na katika masomo yake mna somo la maadili ya kazi. Lakini somo hilo kijana hulisoma mbele ya kompyuta: humwonyesha mgonjwa, ikamsimulia mkasa wake, kisha ikamwuliza, "Wewe ungefanyaje?" Mzee asema: "Mimi nilifunzwa adabu na wazee wangu na mwalimu wangu. Chombo kisichokuwa na haya kitamfundishaje mwanangu haya?"

Suali hili si dogo, wala halifai kujibiwa kwa kicheko, wala kwa kukataza tu. Kijana huyu kesho atasimama mbele ya kitanda cha mgonjwa, na huenda mgonjwa huyo akawa ni wewe au ni mimi. Basi na tukijue kwanza chombo chenyewe, ndipo tuseme.

Programu za namna hii si jambo la jana. Iliyo mashuhuri katika zile za mwanzo ilitungwa na walimu watatu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani: David Andersen, Robert Cavalier na Preston Covey. Ilitolewa katika diski mwaka 1996, na mkasa wake si hekaya, bali ni wa mtu aliyekuwako, jina lake Dax Cowart.

Mwaka 1973, huko Texas, kijana huyu, naye ni wa miaka 25 na amepata kuwa rubani katika jeshi, alikwenda na babake kutazama shamba. Hawakujua kuwa mahali hapo palikuwa na bomba linalovuja gesi. Walipotaka kuwasha gari, cheche moja ikatosha. Hewa yote ikashika moto. Baba akafa, na mwana akaungua karibu thuluthi mbili ya mwili, akapotewa na macho na vidole vyake. Tangu mwanzo aliomba aachwe afe. Hakusikizwa. Kwa muda uliopita mwaka alitibiwa, akitiwa kila siku katika birika la maji ya dawa ili vidonda visafishwe, naye akipiga kelele kwa uchungu. Mamaye ndiye aliyetoa ruhusa. Tabibu wa maradhi ya akili alimpima akaona kuwa akili zake ni timamu. Na matibabu yakaendelea vivyo hivyo.

Akapona. Akasoma sheria, akawa wakili, akaoa, akaishi mpaka mwaka 2019. Na hapa ndipo penye fundo: hata alipokuwa akiyafurahia maisha yake, hakuacha kusema kuwa walimdhulumu, na kwamba haki ya kukataa matibabu ilikuwa yake.

Ndugu msomaji, mkasa huu ukiandikwa katika kitabu cha mtihani huwa mistari mitatu: mgonjwa fulani, maumivu kadha, je, aachwe au atibiwe? Mtu wa mistari mitatu ni mwepesi kuhukumiwa. Programu ile humzuia mwanafunzi asipite upesi hivyo. Humsikizisha Dax mwenyewe, na mamaye, na matabibu, na mwuguzi, na wakili. Humtaka azingatie maumivu, na utimamu wa akili, na hali ya maisha yatakayobaki, na wajibu wa wenye kutibu. Kisha humtaka hukumu. Naye akishatoa hukumu haachiwi apumzike, bali hurejeshwa kwenye yale yanayompinga. Aliyesema "atibiwe" hukabiliwa na birika lile na kelele zile. Aliyesema "aachwe" hukabiliwa na yule wakili aliyetoka katika majivu. Mimi sioni aibu kukiri kuwa walimu wengi, nami nikiwamo, huwapa wanafunzi masala na jawabu lake kwa pamoja, wasipate hata nafasi ya kutaabika baina yake.

Lakini tusizichanganye programu zote. Iko nyingine iliyovuma kuliko hiyo, iliyotolewa mwaka 2016 na wataalamu wa chuo cha MIT, iitwayo Moral Machine. Humwonyesha mtu gari lijiendeshalo lililokatika breki, ikamwuliza: limgonge nani, mzee au mtoto, mmoja au watano? Walikusanya majibu kiasi cha milioni 40, kwa lugha 10 (Kiswahili hakimo), wakatangaza matokeo mwaka 2018. Kazi hiyo ni ya kuchungua watu waonavyo, na kwa hilo ina faida. Mwalimu akiitwaa akaifanya ndiyo somo, amekosea, kwani haimwulizi mtu hoja yake, wala haimpingi. Kuhesabu rai si kufunza, na kijana aliyezoea kuchagua nani afe kwa kubonyeza kidole, kisha akaendelea na chai yake, hatujui twamzoesha nini.

Hata ile iliyo njema ina upungufu wake. Kwanza, njia zote zilizomo zimewekwa na mtungaji. Jambo asilolifikiri yeye, mwanafunzi halioni. Kwetu mgonjwa ana mama, ana ami na wajomba waliojaa ukumbini, na shauri lataka kukatwa na wote hao. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu na haki ya kuyakataa. Lakini kijana atamwambiaje mjomba aliyeuza ng'ombe ili kulipa hospitali kuwa mgonjwa amekataa? Hilo halimo katika diski ya Pittsburgh, wala hatuwalaumu walioitunga.

Pili, na hili ndilo la mzee wetu, mbele ya mashine hakuna anayekutazama. Ukijibu kwa ujinga wafuta, wajibu tena. Sisi tuliokaa mkekani twajua kilichotufunza zaidi ya kitabu: mwalimu kunyamaza kidogo, akakutazama, akauliza, "Na hilo umelipata wapi?" huku wenzako wote wasikia.

Kwa hivyo jawabu langu kwa mzee ni kuwa asimkataze mwanawe. Na amwombe amwonyeshe mkasa huo, wausikize pamoja mpaka mwisho. Kisha amwulize alijibu nini, na kwa hoja gani, na je, angalijibu vivyo hivyo kama aliyelala katika birika lile angalikuwa ni babake? Na akishajibu, mzee asiharakishe kumsahihisha.