Kuunda Gitaa la Umeme Nyumbani: Kagua Kwanza, Piga Msasa Baadaye

Gitaa la umeme huuzwa pia likiwa vipande ndani ya boksi: kiwiliwili cha mbao, shingo, vinasa sauti, vidhibiti, daraja la nyuzi na skrubu zake. Mnunuzi hulikamilisha mwenyewe nyumbani. Kazi hii inafundisha na kufurahisha, lakini ina mtego mmoja. Ubao ukishapigwa msasa au kupakwa rangi, ni vigumu kuirudisha bidhaa yenye kasoro, kwani muuzaji atadai kuwa kasoro hiyo imetokana na mikono ya mnunuzi. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuigundua kasoro mapema, haki ya mlaji ingali mkononi.

Kabla ya kununua

Soma tangazo lote, kisha uhifadhi nakala yake. Angalia kwanza iwapo shingo hufungwa kwa skrubu au kwa gundi. Kwa anayeanza tunapendekeza shingo ya skrubu, muundo ulioenezwa na kampuni ya Fender ya Marekani tangu mwaka 1950. Shingo hiyo ikikaa upande, hufunguliwa na kurekebishwa. Gundi ikishakauka, kosa ni gumu kuondoa. Angalia pia iwapo waya huchomekwa tu au zinahitaji kulehemiwa.

Bei ya boksi si gharama yote. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha kwa bidhaa ya nje, msasa, vanishi, nyuzi mpya na vifaa usivyonavyo. Linganisha jumla hiyo na bei ya gitaa lililokamilika dukani, ndipo uamue.

Siku ya kufungua boksi

Piga picha za boksi kabla na baada ya kulifungua, na uhesabu vipande kwa kufuata orodha. Kisha kusanya gitaa kwa majaribio, bila gundi wala rangi, ukague mambo manne.

1. Urefu wa uzi. Freti ni vyuma vyembamba vilivyopachikwa kukingama shingo. Pima kuanzia kwenye kizingiti cha nyuzi, yaani kipande chenye mifereji kilicho chini ya kichwa cha gitaa, hadi freti ya 12. Umbali huo uwe nusu ya urefu uliotangazwa: gitaa la milimita 648 litoe milimita 324. Kuanzia freti ya 12 hadi mahali uzi mwembamba unapokalia daraja, pawezekane kupata milimita 324 nyingine, na nyuzi nene ziweze kusogezwa nyuma milimita chache zaidi. Daraja lisipofikia vipimo hivyo, noti za juu zitapotoka hata kama nyuzi zimekazwa na fundi hodari.

2. Mstari wa nyuzi. Vuta nyuzi mbili za kushonea kutoka mifereji ya pembeni ya kizingiti hadi pande mbili za daraja. Zikae umbali unaolingana na kingo za shingo. Moja ikikaribia ukingo kupita kiasi, shingo imekaa upande au nafasi yake imechongwa vibaya.

3. Unyofu wa shingo. Itazame kwa jicho moja kutoka kichwani. Mpindo mdogo hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyo ndani yake. Shingo iliyojisokota hairekebishwi kwa fimbo hiyo, irudishe.

4. Vinasa sauti. Pima kila kimoja kwa mita ya umeme. Kwa kawaida kinasa kizima huonyesha ohmu elfu kadhaa. Kilichokatika waya ndani hakipitishi umeme.

Ukikuta kasoro, simama hapo hapo. Mwandikie muuzaji ukiambatisha picha, vipimo na nakala ya risiti. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji; nakala ya tangazo ndiyo ushahidi wako. Muuzaji aliye nje ya nchi ni mgumu kufuatilia, kwa hiyo mchague anayeandika wazi masharti ya kurudisha bidhaa.

Usalama wakati wa kazi

Vaa barakoa unapopiga msasa, kwa kuwa vumbi la mbao hudhuru mapafu. Vanishi nyingi hutoa mvuke unaoshika moto upesi: paka mahali penye hewa, mbali na jiko. Lehemu nyingi zina madini ya risasi. Fungua madirisha, nawa mikono kabla ya kula, na uwaweke watoto mbali.

Ukitaka kuliuza

Mweleze mnunuzi kwamba umeliunda mwenyewe. Kubandika jina la kampuni maarufu kwenye kichwa cha gitaa hilo na kuliuza kama halisi ni kumdanganya mlaji mwenzako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini gitaa hukusanywa kwa majaribio kabla ya kupigwa msasa?
2. Gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 628 litoe milimita ngapi kati ya kizingiti na freti ya 12?
3. Taja vielelezo vitatu utakavyomtumia muuzaji ukigundua kasoro.