Doom Inapokwama Mtandaoni, Anza na Mashine Zenu

Mkiwa wanne mnacheza Doom ya mwaka 1993 na mchezo ukaanza kusuasua, msikimbilie kulaumu intaneti. Doom haina seva inayoamua mambo. Kila kompyuta huwapa wenzake amri za mchezaji wake mara 35 kwa sekunde, na hakuna inayopiga hatua mpaka wote wawe wameleta amri za hatua hiyo. Mmoja akiwa na kompyuta ya 486 iliyoelemewa, wote mnatembea kwa mwendo wake. Kwa hiyo kwanza mtafuteni anayechelewa.

Kila mmoja apime mashine yake peke yake. Kwenye DOS andika doom -timedemo demo3, uiache ijicheze. Mwishoni utapewa namba mbili, gametics na realtics. Ya pili ikizidi ya kwanza, mashine haifikishi picha 35 kwa sekunde. Bonyeza F5 kupunguza ubora wa picha, finya dirisha la mchezo kwa kitufe cha kutoa, kisha ingia kwenye SETUP upunguze idadi ya sauti zinazochezwa kwa pamoja. Sauti nazo zinakula prosesa, na wengi hawazikumbuki.

Mashine ikiwa nzima, geukia kadi ya mtandao. Kadi za aina ya NE2000 mara nyingi huwekwa kwenye IRQ 3, ambayo ndiyo ya COM2. Ukiwa na kipanya kwenye COM2, vitagombana: ihamishe kadi. Kama COM2 huitumii, izime. Kadi hizi ni za megabiti 10 na zinatuma na kupokea kwa zamu. Mlango wa swichi ukilazimishwa kutuma na kupokea kwa mpigo, pakiti zitapotea ovyo hata kama taa zinawaka vizuri. Acha swichi ijipange yenyewe.

Sasa laini. Doom ya DOS inatumia IPX, ambayo haivuki intaneti bila kufungashwa ndani ya pakiti nyingine. DOSBox, programu inayoigiza DOS kwenye kompyuta ya kisasa, inaifanya kazi hiyo kwa ipxnet startserver kwa mwenyeji na ipxnet connect kwa wageni. Wenye mashine halisi za DOS watumie ipxbox ya Simon Howard, inayokaa kwenye kompyuta ya kisasa na kuziunganisha na wenzao wa DOSBox. Kila pakiti hupitia kwa mwenyeji, na hapa ndipo wengi wanapoteza muda bure: mkiwa wawili Mombasa na mmoja Nairobi, mwenyeji asiwe rafiki aliyeko London, kwa sababu hata majirani wawili watasemezana kupitia Ulaya.

Ukipima kwa ping, usitazame wastani pekee. Milisekunde 80 zilizotulia ni bora kuliko 40 zinazoruka hadi 300. Mrukoruko huo mara nyingi unatoka nyumbani: simu ya mtu inapandisha video, ruta inazirundika pakiti foleni, na zako zinasubiri nyuma. Simamisha upakiaji, tumia waya badala ya waifai, upime tena.

Pakiti zikiendelea kupotea, anzisheni mchezo na -extratic, ambayo hurudia amri za nyuma ndani ya kila pakiti ili moja ikipotea msisimame. Njia ikiwa ndefu, jaribuni -dup 2: amri zinapungua kwa nusu, na mwendo unakuwa mzito kidogo.

Umbali wenyewe haurekebishiki. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 7,000 kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata laini ikiwa safi, na kebo za baharini hazinyooki. Kwa masafa hayo mimi ningehamia QuakeWorld, toleo la Quake la kuchezea intaneti, aliyoitoa John Carmack na wenzake wa id Software mwaka 1996. Humo kompyuta yako inakusogeza papo hapo bila kungoja jibu la seva, na wa mbali hawasimamishi wengine. Itataka Pentium. Ukiingia, andika rate 10000 kwenye konsoli, maana 2500 iliyokuja nayo ilipimwa kwa modemu za simu.