Pikipiki za Mbio: Ipi Yafaa Njia ya Muyinga?

Kijana mmoja niliyemfundisha hesabu zamani huko Muyinga alinijia hapa Gitega baada ya mavuno ya kahawa, naye ameshika picha mbili. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "nina fedha za pikipiki moja tu. Nikikosea sitapata nyingine upesi. Ninunue ipi?" Picha ya kwanza ilikuwa ya Yamaha R6 iliyokwisha tumika, ambayo ndugu yake aliyeko Dubai aliahidi kumtafutia. Ya pili ilikuwa ya Bajaj Pulsar NS200. Kwa kuwa najua wengi wenu mmebandika picha za namna hii ndani ya madaftari yenu, nimeona niandike hapa yale tuliyoyapima siku ile.

Kwanza yatupasa kujua pikipiki hizi ni nini. R6 ilitoka mwaka 1999. Injini yake ina silinda nne, na ujazo wake wote ni sentimita 599 tu. Walakini hutoa nguvu karibu 120 za farasi. Yawezekanaje? Kwa kuzunguka upesi mno. Nguvu hizo hupatikana injini ikizunguka kama mara 13,000 kwa dakika. NS200, iliyotoka mwaka 2012, ina silinda moja ya sentimita karibu 200, na nguvu kama 24 za farasi.

Lakini nguvu peke yake haitoshi kupima chombo. Hatuna budi kuigawa na uzito. R6 ikiwa na mafuta ina kama kilo 190. Mtie mpandaji wa kilo 70, jumla ni 260. Gawanya kwa 120: kila farasi mmoja avuta kilo 2 na kidogo. NS200 na mpandaji wake ni kama kilo 225. Kila farasi avuta kilo 9 na zaidi. Na Boxer 150 ya kawaida, ile ya teksi, yenye nguvu kama 12? Kila farasi avuta karibu kilo 16. Kijana alipoiona hesabu hii alitabasamu, maana alidhani imekwisha mpa ushindi R6.

Basi nikamwuliza: nguvu hizo utazitumia wapi? R6 katika gia ya kwanza peke yake yaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Gia zilizobaki ni tano. Kutoka Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi ni vilima na kona, na watu wa baiskeli wenye mizigo, na mbuzi, na watoto watokao shuleni. Ukiiendesha R6 kwa mwendo wa kilomita 60, injini yake bado imelala. Pale chini haina mvuto mwingi, kwa sababu imetengenezwa kwa mizunguko ya juu. Injini ndogo ya silinda moja ndiyo iliyo macho katika mwendo huo.

Tena kuna jambo la hewa, ambalo wengi hulisahau. Gitega iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na Muyinga iko juu zaidi. Katika kimo cha mita 1,500 uzito wa hewa ni kama asilimia 86 ya ule wa pwani. Injini huchoma petroli kwa hewa. Hewa ikipungua, nguvu hupungua. Zile 24 za NS200 huwa kama 20 na nusu hapa kwetu. Zile 120 huwa kama 103, nazo bado ni nyingi kupita kiasi.

Sasa breki, na hapa nilimkalisha kijana chini na kalamu. Katika lami kavu breki nzuri zaweza kupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde. Ukizidisha mwendo huo kwa wenyewe, kisha ukagawa kwa 14, yaani 7 mara mbili, wapata mita 20. Ongeza sekunde moja ya kushtuka kabla mkono haujabana breki: jumla mita 37 hivi. Kwa kilomita 120 kwa saa, breki peke yake hutaka mita 79, na sekunde ya kushtuka mita 33: jumla 112. Mwendo umezidi mara mbili, nafasi ya breki imezidi mara nne. Katika udongo mwekundu uliolowa, breki hupungua hata kuwa chini ya nusu, na matairi mapana ya R6 hayakutengenezwa kwa udongo.

Mengine ni mepesi. R6 hunywa lita 6 au zaidi kwa kilomita 100, ilhali NS200 hunywa chini ya nusu yake. Nani asiyekumbuka misururu ya mwaka 2024, watu wakingoja petroli siku nzima? Tena petroli ya chupani, isiyojulikana imechanganywa na nini, si chakula cha injini ya mbio. Vipuri vya Bajaji na TVS fundi wa sokoni anavyo. Vya R6 huagizwa ng'ambo. Na kiti cha nyuma cha R6 ni kama tofali lililowekwa juu. Nikamwuliza, "Mama utampakiaje siku ya kliniki?" Hakujibu.

Sisemi R6 ni mbaya. Katika uwanja wa mbio ni chombo cha ajabu, na tangu 2021 huko Ulaya imeuzwa kwa ajili ya viwanja hivyo tu.

Kijana alinunua NS200. Picha ya R6 ingali ukutani kwake, nami sikumwambia aibandue.

Zoezi: Waenda kilomita 90 kwa saa katika lami kavu. Ng'ombe aingia barabarani mita 60 mbele yako, akasimama. Je, utasimama kabla ya kumfikia? Fanya hesabu hiyo tena kwa kilomita 70.